Barua Elfu Kumi na Moja Zilizoko Njiani

Mimi ndiye mtu wa kwanza katika Jamhuri yote ya Shwari kugundua kuwa barua pepe za serikali hazitoki. Si waziri, si mhandisi, si wale waliosomeshwa ng'ambo wakarudi na miwani. Ni mimi, Mwanasiti binti Feruzi, darasa la saba la zamani, mpika chai wa Ofisi ya Wilaya ya Kitulizo. Haya, nisijipandishe sana: niliingia kwenye kile chumba kutafuta ufagio. Na nilichokigundua sikukielewa mpaka nilipoelezwa mara tatu, mara ya tatu kwa kuchorewa.

Jamhuri ya Shwari iko mbali mno na kwenu, usijisumbue kuitafuta kwenye ramani. Ukimwona humu mtu anayefanana na mkubwa wako wa kazi, basi wamefanana tu. Wakubwa hufanana, hata matumbo.

Katika nchi hiyo hakuna jambo linaloshindikana. Sisemi kwa majivuno, nasema kwa sababu ni sheria. Mwaka ule wa ukame Rais alichoka kusoma ripoti zenye neno "imeshindikana", akatoa waraka kwamba neno hilo lisionekane tena kwenye karatasi yoyote ya serikali. Mahali pake paandikwe "iko njiani". Tangu siku hiyo maji yako njiani, dawa ziko njiani, na daraja letu lililozolewa na mafuriko liko njiani pia, watu waliliona likipita. Mume wa jirani yangu alipofia hospitali ya wilaya, cheti kiliandikwa kuwa kupona kwake kuko njiani. Mjane mpaka leo hajui aolewe au aendelee kupika kwa watu wawili.

Basi ilipoletwa seva, yaani lile kasha jeusi la chuma linalopokea na kutuma barua pepe za ofisi, Afisa Itifaki wetu, Bwana Salehe Kombora, alisoma kitabu chake cha maelekezo ukurasa kwa ukurasa. Akafika mahali pameandikwa kuwa barua ikikosa kufika kwa siku tano, seva humrudishia mwandishi na kumwambia imeshindikana. Bwana Kombora alishika kifua. Mashine, tena ya kununuliwa, iandike neno lile juu ya barua ya serikali! Akaamuru ipangwe upya isikate tamaa kamwe. Ijaribu leo, ijaribu kesho, ijaribu mpaka kiama, na anayeuliza aambiwe iko njiani.

Ndivyo ilivyokuwa. Seva yetu haikumrudishia mtu barua hata moja, na ofisi nzima ikaamini kuwa zote zinafika.

*

Jumatatu moja alikuja Mwalimu Kitwana wa Shule ya Msingi Jitume na majina ya watoto sitini na mmoja wa darasa la saba. Majina hayo yalitakiwa yafike Baraza la Mitihani kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Tena Baraza la Shwari halipokei majina ila kwa barua pepe, na barua pepe yenyewe haikubaliki ila imetoka kwenye seva ya wilaya. Ukituma kwa simu yako wanaitupa. Ukisafiri siku mbili ukapeleka karatasi, wanaigeuza geuza na kukuuliza hiki ni kitu gani.

Mtoto ambaye jina halijafika, hafanyi mtihani. Anarudi nyumbani kungoja mwaka mwingine, na huko nyumbani msichana wa kungoja hatafutiwi kitabu, anatafutiwa mume. Namba thelathini na nane kwenye orodha ile alikuwa Siwema, mjukuu wangu, mtoto ambaye ukimtuma vitumbua anasoma kwanza gazeti lililofungiwa, ninyi mle vimepoa.

Jumanne Mwalimu Kitwana akarudi, maana Baraza likipokea majina hujibu saa ileile, na yeye hakujibiwa.

"Majina yangu yamefika?" akauliza.

"Yako njiani, Mwalimu," akasema Bwana Kombora bila kuinua uso.

"Wapi njiani?"

"Mwalimu, ukimsindikiza mgeni kituoni, unamfuata mpaka kwao?"

"Nikimkabidhi watoto sitini na mmoja, namfuata."

Bwana Kombora akaandika kwenye daftari: Mwalimu wa Jitume ameridhika.

Mimi nilikuwa napita na sinia. Niliingia chumba cha pili kutafuta ufagio, kama nilivyokwisha kukiri.

*

Ufagio haukuwepo. Alikuwepo Zuhena, fundi wa kompyuta aliyeletwa mwezi huo kutoka mji mkuu, dada wa miaka thelathini hivi, mkavu wa maneno, anayekunywa chai bila sukari na bado hafi. Alikuwa ameketi mbele ya seva, na kwenye kioo mistari inapanda kama siafu, kila mstari una jina la barua na mwisho wake maneno yaleyale: iko njiani, iko njiani, iko njiani.

"Mwanangu," nikamwambia, "hizi zote zinasafiri pamoja? Au ni msiba?"

Akageuka. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la maana kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Bibi, ndiyo nimeziona sasa hivi. Ziko elfu kumi na moja mia nne na kumi na mbili. Ya zamani kabisa ina miezi saba."

"Miezi saba! Si ingekuwa imeshazaa?"

"Haijatoka hata hapa ndani."

Nikasema sijaelewa. Akanieleza. Nikasema bado. Akanieleza tena. Nikasema ananisemesha kama karani wa benki, ndipo akachukua boksi la biskuti, akachora nyumba.

"Kila mashine ina milango, Bibi, na kila mlango una namba na kazi yake. Barua inayotoka seva moja kwenda seva nyingine hupita mlango wa ishirini na tano. Zinazoingia kwetu zinaingia vizuri, umeona mwenyewe matangazo ya magodoro. Zinazotoka ndizo hazitoki. Sasa nagonga mlango wa Baraza la Mitihani. Tazama."

Akaandika kitu. Tukangoja. Nikamaliza kufuta meza, tukawa bado tunangoja.

"Umeona? Kimya. Nimegonga wizarani, kimya. Nimegonga ng'ambo, nchi ya mbali kabisa, kimya kilekile. Mtu asiyekutaka, Bibi, anafungua dirisha anakufokea: ondoka! Hilo lingekuwa jibu. Hapa sifokewi. Maana yake ugongaji wangu haufiki kwa mwenye nyumba. Kuna kitu kinaumeza njiani, na kwa kuwa kinameza safari zote, hakiko mbali. Kiko karibu na sisi."

"Nilikuwa na mume wa namna hiyo," nikasema. "Endelea."

"Nimegonga mlango mwingine, wa mia tano themanini na saba. Ukafunguka papo hapo, nikakaribishwa. Kwa hiyo laini ni nzima. Kuna mtu amefunga ishirini na tano peke yake, kwa makusudi."

Nikavaa miwani nikatazama mwisho wa mistari. Nikaisoma mwenyewe, herufi kwa herufi: Orodha ya Darasa la Saba, Jitume. Iko njiani.

Siwema wangu alikuwa amekaa mle ndani ya kasha, futi mbili kutoka kwenye birika langu.

*

Jumatano Mkuu wa Wilaya aliitisha kikao. Bwana Ndolezi ni mtu mpana, sauti yake inatangulia mlangoni, yeye anafuata. Kwa kuwa kikao cha kuchunguza kasoro hakiruhusiwi nchini Shwari, kikaitwa Kamati ya Kushangilia Barua Zilizoko Njiani. Wajumbe kumi na wanne, vikombe kumi na vinne, na mmoja alirudia mara tatu akisema mara zote kuwa hiyo ni ya kwanza.

"Ndugu wajumbe," Mkuu akaanza, amefumba macho kwa utamu wa sauti yake, "niulize. Ni wilaya ngapi duniani zenye barua elfu kumi na moja mia nne na kumi na mbili zinazosafiri kwa wakati mmoja? Wenzetu waliotangulia kimaendeleo wana ngapi? Mia? Mia mbili?"

Wakapiga makofi.

"Mkuu," akasema Zuhena, "hazisafiri. Zimekaa."

Makofi yakakatika moja moja.

"Binti," Mkuu akafumbua jicho moja, "ndege ikiwa juu, abiria si amekaa?"

Wakapiga makofi tena, marefu zaidi.

Zuhena hakucheka. Akasema iko njia ya haraka: zile barua zipitie mlango wa mia tano themanini na saba, zikabidhiwe kampuni ya nje inayosafirisha barua za watu, nayo izifikishe zikiwa bado na jina la seva yetu. Kazi ya nusu saa, na majina ya watoto yatafika leo.

"Barua ya serikali," Mkuu akasema polepole, "yenye nembo, ipite mlango wa uani, mikononi mwa kampuni ya watu, kama kuku wa wizi? Andika, Kombora: pendekezo limepokelewa kwa furaha na liko njiani."

"Basi naomba neno la siri la kisanduku cha ulinzi," akasema Zuhena. "Kile kinachochuja vinavyoingia na vinavyotoka. Nadhani ndicho kinachomeza. Bila neno la siri siwezi kukifungua nione."

"Kisanduku gani?"

"Kile kilichoko ofisini kwako, Mkuu. Nyuma ya kiti chako. Chini ya picha ya Rais."

"Aa, kile! Kile mimi sikijui. Sijawahi kukigusa. Nilidhani ni cha kupasha joto. Kama kweli kimefungwa, basi ni kazi ya maadui wa nje, wasiopenda utulivu wetu."

Wajumbe wakaguna kwa hasira dhidi ya maadui. Nami nikawafikiria wale maadui, maskini. Wametoka kwao mbali, wamempita askari wa getini, wamempita Bwana Kombora ambaye hampitishi hata mkewe bila kumwandika, wakaingia ofisini, wakasogeza kiti cha Mkuu ambacho husogezwa na watu wawili, wakafunga mlango mmoja wa barua, wakarudisha kiti mahali pake, wakaondoka bila hata kuiba saa ya mezani. Adui mwenye adabu namna hiyo mimi ningemwozesha binti.

"Tena," Mkuu akaongeza, "wilaya hii haina shida ya mawasiliano. Ushahidi upo. Zamani malalamiko mia tatu kila mwezi yalikuwa yakitoka hapa kwenda wizarani. Pampu ya kisima mbovu, sijui mahindi ya msaada yamekwenda wapi, maneno ya watu wasio na kazi. Miezi saba sasa, hakuna hata moja! Ndiyo maana Ijumaa Waziri mwenyewe anakuja kunipa Ngao ya Wilaya Isiyolalamika."

"Malalamiko yanatumwaje wizarani?" akauliza Zuhena.

"Kwa barua pepe," akajibu Bwana Kombora, kisha akatamani meza immeze.

Mimi nikamimina chai, maana ndiyo kazi niliyoajiriwa.

*

Alhamisi Zuhena alipiga simu kwenye kampuni ya laini. Aliweka sauti kubwa nami nikasikia, nikiwa nachambua mchele wa mtu mwingine.

"Kama una tatizo, tafadhali tutumie barua pepe," ikasema sauti.

"Tatizo langu ni kuwa barua pepe hazitoki."

"Asante. Tafadhali lieleze kwa barua pepe."

Alipiga mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili akamwangukia mzee mmoja aliyekuwa zamu kwa bahati mbaya, ambaye alikuwa bado hajafundishwa kutosaidia watu.

"Mlango huo kwetu uko wazi tangu tulipowawekea laini," mzee akasema. "Toka nje ya hilo jengo na kompyuta yako, shika mawimbi ya mnara wetu, gonga. Ukifunguliwa, ujue mmejifungia wenyewe."

Zuhena akatoka, akakaa kwenye ngazi za posta na kompyuta mapajani. Akagonga Baraza la Mitihani kwenye mlango wa ishirini na tano. Ukaitika mara moja, salamu na jina la mwenyeji, kama nyumba ya watu wastaarabu.

"Basi tuma hukohuko kwenye ngazi!" nikamwambia.

"Nikituma huku haitakuwa imetoka kwenye anwani ya seva, Bibi. Baraza litaitupa."

"Na kisanduku je? Ukikichomoa tu, ukakitupa chooni?"

"Laini nzima inapita ndani yake. Nikikichomoa tunakuwa gizani."

Akarudi kwa Mkuu kuomba neno la siri. Mkuu alikuwa anafanya mazoezi ya kupokea ngao. Bwana Kombora alisimama mahali pa Waziri, akampa sinia langu la chai, Mkuu akalipokea kwa mikono miwili, akatikisa kichwa kwa unyenyekevu, akamrudishia, wakaanza upya. Walifanya hivyo mpaka saa tisa. Zuhena alisimama mlangoni muda wote huo, mwisho akaja jikoni, akanywa chai akatia sukari vijiko vitatu, nami nikajua mambo si mazuri.

Jioni nilimkuta Siwema amekalia kinu anachonga penseli, ya mtihani.

"Bibi, jina langu limefika?"

Maisha yangu yote nimewadanganya watu, tena kwa raha. Jioni ile nilishindwa.

"Bado," nikasema.

*

Ijumaa saa tano Waziri wa Mawasiliano Mema, Mheshimiwa Adelina Mchopa, akawasili na magari sita na mkoba mmoja mwekundu mkubwa kama mtoto. Ngao ikafunuliwa kitambaa. Mtangazaji wa redio ya taifa akasogeza kinasa sauti, akasema tuko hewani moja kwa moja kutoka Kitulizo, wilaya ya tisa kutolalamika mwaka huu.

"Nimefurahi mno," akasema Waziri. "Zamani nilikuwa nikifungua barua za hapa naumwa kichwa. Sasa nikifungua sioni kitu! Hayo ndiyo mawasiliano mema. Wilaya tisa zimeshanyamaza. Lengo letu ni nchi nzima."

Kwenye ratiba iliandikwa: wimbo wa watoto wa Jitume. Mwalimu Kitwana akawapanga mistari minne, akainua mkono. Hawakuimba. Mtoto wa kwanza akapiga hatua mbele, akataja jina lake lote, la baba na la babu, akarudi. Wa pili akafuata. Wa tatu. Watu wakadhani ni wimbo wa kisasa. Bwana Kombora akawa anageuza karatasi ya ratiba upande huu na ule. Walipofika wa thelathini na nane, Siwema akapiga hatua, akataja jina, na Waziri akainua kiganja.

"Mtoto mzuri, wimbo huu unaishia wapi?"

"Unaishia sitini na moja, Mheshimiwa. Ukifika."

"Ufike wapi?"

Mwalimu Kitwana akajibu. "Baraza la Mitihani, Mheshimiwa. Ni orodha yangu. Nimeileta hapa Jumatatu itumwe, haijatoka ndani ya jengo hili. Saa sita wanafunga, na sasa ni saa sita kasoro dakika ishirini na tano. Nimeona nikutajie wewe majina, angalau mtu mmoja serikalini ayasikie."

Waziri alimtazama Mwalimu, akawatazama watoto, lakini alichokitazama kwa muda mrefu zaidi kilikuwa kile kinasa sauti. Taa yake nyekundu ilikuwa inawaka. Nchi nzima ilikuwa imekaa inasikiliza.

"Serikali inawapenda watoto," akakiambia kinasa sauti. Kisha akamgeukia Mkuu, na kwa sauti ya chini ambayo mimi niliisikia kwa kuwa nilikuwa nyuma yake na sinia, akasema, "Kama kuna kitu kimefungwa, kifungue."

*

Tukaingia ofisini kwa Mkuu: Waziri, Mkuu, Bwana Kombora, Zuhena, Mwalimu, mtangazaji na kinasa sauti chake, na mimi. Hakuna mkutano nchini Shwari unaomfukuza mwenye chai. Watu wawili wakasogeza kiti. Zuhena akaunganisha kompyuta na kisanduku, kioo kikauliza neno la siri.

"Mimi kwa kweli sikijui kisanduku hiki," akasema Mkuu, jasho limemshuka mpaka kwenye tai. "Lakini kwa ajili ya watoto, nitabahatisha."

Akabahatisha mara moja. Kikafunguka.

"Umebahatisha nini?" akauliza Waziri.

"Jina langu, Mheshimiwa. Hebu ona maadui walivyo waovu. Wametumia jina langu."

"Na hizi tarakimu mbele yake?"

"Tarehe aliyozaliwa mke wangu."

"Maadui wanaijua tarehe aliyozaliwa mke wako?"

"Hao wanajua kila kitu, Mheshimiwa. Mimi mwenyewe huwa naisahau."

Zuhena alikuwa ameshauona mstari. Akausoma kwa sauti: "Ishirini na tano, kutoka: zuia." Akaufuta. Akagonga Baraza la Mitihani, na kabla sijashusha sinia, salamu ikarudi. Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi na mbili.

"Natuma ya watoto kwanza," akasema.

"Hapana!" Mkuu akainuka kwa nguvu mpya, maana kwenye itifaki ndiko alikokuwa na afya. "Orodha ya mwalimu wa msingi itangulie barua za Mkuu wa Wilaya? Mbele ya Waziri? Kombora, sheria inasemaje?"

"Barua hutoka kwa cheo," akasema Bwana Kombora, amerudiwa na rangi. "Za Mkuu kwanza, kisha za manaibu, za wakuu wa idara, za maofisa, za makarani, za bwana miti, ndipo za walimu."

"Zako ziko ngapi, Mkuu?" akauliza Zuhena.

"Saba tu. Za kawaida. Salamu."

"Saba ni sekunde," akasema Zuhena, akabonyeza. Mistari saba ikapotea kwenye kioo. Bwana Kombora akafungua daftari aanze kumsomea majina ya manaibu, naye Zuhena akawa anatikisa kichwa, ndiyo ndiyo, endelea Bwana Kombora, huku kidole chake kimeshashuka kwenye foleni mpaka mstari wa Jitume. Akabonyeza tena.

Tukangoja. Mwalimu Kitwana alikuwa ameshika kona ya meza kama mtu aliye ndani ya chombo kinachoyumba. Saa ya mezani, ile ambayo maadui hawakuiiba, ikasogea dakika moja, ikasogea ya pili. Kisha kioo kikaandika, na Zuhena akasoma: "Baraza la Mitihani. Imepokelewa. Jitume, wanafunzi sitini na mmoja."

Mwalimu akakaa chini, sakafuni, kwa kuwa kiti kilikuwa kimesogezwa. Mimi nikaenda dirishani nikawaambia watoto, na kelele zao zikaingia redioni bila kibali.

*

Sasa mtu mwenye akili angenyamaza hapo. Lakini kinasa sauti kilikuwa mbele ya Bwana Ndolezi, na yeye kinasa sauti hakukipita.

"Wananchi," akaanza, macho amefumba, "leo mmeshuhudia uongozi. Maadui wa taifa letu walifunga barua za Kitulizo kwa siri. Mimi, ambaye sikujua lolote, ambaye naapa mbele ya Waziri na mbele ya picha hii kuwa sijawahi kukigusa kisanduku hiki maishani mwangu..."

Mkoba mwekundu wa Waziri ukalia, mlio mdogo kama wa kifaranga. Waziri akaupuuza kwa heshima.

"...nimekifungua kwa mkono huu..."

Ukalia tena. Na tena. Ukalia mara saba. Waziri akatoa simu, akavaa miwani, akasoma kwa midomo bila sauti. Kisha akasoma kwa sauti, nadhani kwa kuwa alisahau kinasa sauti, au labda hakusahau.

"'Mheshimiwa Waziri. Nina furaha kukujulisha kuwa leo saa tatu asubuhi nimefunga, kwa mkono wangu mwenyewe na kwa ubunifu wangu mwenyewe, barua zote zinazotoka wilayani kwangu, ili wananchi wasikusumbue tena kuhusu pampu na mahindi. Baada ya kuhakikisha kuwa pamefungwa barabara, ndipo nakutumia barua hii. Naomba unifikirie kwa cheo. Wako mtiifu, Ndolezi.'" Akainua uso. "Ya miezi saba iliyopita. Ulifunga kwanza, ndipo ukatuma?"

"Hiyo si barua yangu, Mheshimiwa," akasema Mkuu. "Jina langu limeibiwa."

Waziri akateremsha kidole. "'Kumbusho la kwanza. Mheshimiwa, sijapata jibu kuhusu kule kufunga kwangu.'"

"Wameniiba tena."

"'Kumbusho la pili. Mheshimiwa, au hujafurahi?'"

"Hao watu ni hatari."

"'Kumbusho la tatu.' 'La nne.' 'La tano.'" Akafika ya mwisho, akaivuta simu karibu na miwani. "Na hii ni ya jana, saa tisa na nusu. Inauliza kesho nitapenda supu ya kuku au ya samaki. Nayo si yako?"

Hapo Bwana Ndolezi alifikiri. Nilimwona akifikiri, jambo ambalo katika miaka kumi na mitano ya kumpelekea chai sikuwa nimeliona. Kuku alikuwa ameshachinjwa, samaki alikuwa ameshachemshwa, na supu zote mbili zilikuwa mezani zinanukia mpaka mle ndani.

"Ya jana ni yangu, Mheshimiwa," akasema. "Ya supu hiyo ni yangu kabisa. Hizo sita nyingine ndizo za maadui."

Waziri akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Kuku au samaki," akaendelea kusoma, "'na pia nakukumbusha barua zangu sita za huko nyuma, ambazo nimezitaja hapa chini moja moja na tarehe zake.'"